Nilivyoishtaki Furaha ya Jirani

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili nilipoandika barua ya uongo iliyomhamisha jirani yangu. Sasa nina wajukuu, na vijana wanaonitembelea huniuliza wakati mwingine, kama ilivyo desturi ya kuwauliza wazee, nimejifunza nini kuhusu kuishi kwa raha. Huwa nawajibu kwa maneno mepesi. Lala mapema. Usibishane na mkeo mbele ya watoto. Jibu lenyewe sijawahi kuwapa, kwa sababu haliwezi kutoka kinywani bila barua ile kutoka pamoja nalo.

Tulikuwa tukikaa Kaloleni, hapa Kisumu, katika nyumba za kaunsili. Mstari wetu ulikuwa wa nyumba sita za vyumba viwili viwili, na bomba moja la maji mwishoni. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja karibu na bandari. Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa ya fundi wa baiskeli na mkewe, na iliyofuata ilikuwa ya mjane mmoja wa Kiislamu, mtu mzima kutuzidi sote, ambaye wazee wake walikuwa wametoka pwani zamani kufuata reli. Alikuwa akikaanga mahamri ya iliki mlangoni kwake kila asubuhi, na mstari wote ulikula kwake.

Mimi nilikuwa mtu wa mipango. Niliamini kwamba furaha ni kitu kinachokuja baadaye, mambo yakishakaa sawa. Nikipandishwa cheo, nitafurahi. Nikipata kiwanja, nitafurahi. Kabla ya hapo kucheka sana niliona ni utovu wa akili, kama kula mbegu kabla ya kupanda. Jumapili nikitoka kanisani nilivua koti, nikalitundika, nikakaa na gazeti, na watoto wangu wawili walijua kwamba wakati huo hawaruhusiwi kukimbia ndani.

Fundi yule hakuwa na mpango wowote niliouona. Alikuwa na watoto wanne, na mwaka uliofuata ule wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, dada yake alifiwa na mume, akaja kwake na watoto wawili, wakabanana humo humo. Lakini alikuwa na kinanda cha kuvuta, kile ambacho sisi Wajaluo tunakiita onanda, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikitoa nje, akakaa kwenye kiti cha mbao, akaanza. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, za mambo madogo madogo: kuku aliyeingia kanisani wakati wa sala, mwalimu aliyeanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wake. Watu walikuja na stuli zao. Mkewe alicheza na mtoto mgongoni. Mjane alikaa kizingitini kwake akichambua maharagwe na kucheka, na saa ya swala ya alasiri ilipofika aliinua mkono tu, fundi akaacha kupiga papo hapo, akaweka mikono juu ya mapaja na kungoja mpaka mama amalize. Mara moja tu, mwezi wa Ramadhani, walipishana kauli kidogo. Mjane aliomba mwezi ule wote pasiwe na muziki mchana, na fundi akasema mwezi mzima ni mrefu. Kesho yake akakubali. Jambo likaisha, lakini watu walilikumbuka.

Mimi sikwenda hata siku moja. Fundi alinialika karibu kila Jumapili. Aliinua sauti kupitia ukutani, akasema, "Jirani, kuja ukae, kiti kiko." Nilimjibu kwamba nina kazi.

Mke wangu alianza kwenda. Mwanzoni alisimama mlangoni kwetu, kisha akasogea, kisha akabeba stuli. Siku moja nikiwa ndani na gazeti langu nilisikia mwanamke akicheka huko nje, kicheko kirefu kinachopanda na kushuka na kukosa pumzi, nikajiuliza ni nani huyo. Alikuwa yeye. Nilikuwa nimeishi naye miaka saba na sikuwahi kuisikia sauti ile.

Ningekuwa mtu mwenye akili, ningetoka nje nikaone kinachomchekesha. Badala yake nilikaa pale nikiwa nimekunja gazeti, na kitu cheusi kikaingia kifuani mwangu. Nilikipa jina la heshima. Nilijiambia ni kelele, na kwamba watoto hawawezi kusoma. Hali watoto wangu walikuwa huko huko nje, wanacheza.

Jumapili iliyofuata mke wangu alirudi jasho likimtoka, bado anaimba ule wimbo wa kuku. Akanishika mkono, akajaribu kuniinua kitini tucheze pale pale sebuleni, kati ya meza na kabati. Nilimwambia, "Wewe ni mke wa karani, si mke wa fundi baiskeli."

Aliuachia mkono wangu. Alikwenda jikoni na nikasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria.

Kesho yake saa ya chakula, wenzangu walipotoka, nilibaki ofisini nikaweka karatasi kwenye taipu. Niliiandikia ofisi iliyosimamia nyumba zetu. Nilisema kwamba katika nyumba ile kunauzwa pombe haramu, kwamba watu walevi hukusanyika pale kila wiki, na kwamba, maneno yangu mwenyewe, "wanatusumbua sisi tunaosali saa za swala zetu." Sikutia sahihi. Katika nyumba ile hapakuwa na pombe. Mke wa fundi alikuwa amelelewa na baba mlevi, na hakutaka hata harufu yake mlangoni.

Kuhusu lile neno la swala nilijiambia kwa miaka mingi kwamba lilikuja tu vidoleni. Sisi Wakristo nasi tunasali. Lakini si kweli kwamba lilikuja tu. Nilisimamisha vidole kabla ya kuliandika, nikafikiri ni nani atakayedhaniwa, nikaliandika.

Zilipita wiki tano au sita. Nilianza kuamini kwamba barua ilitupwa, na nakumbuka nilipata nafuu, kama mtu aliyerusha jiwe halafu asisikie limeanguka. Kisha asubuhi moja wakaja askari wa kanjo, yaani wa kaunsili, watatu na ofisa mmoja. Nilikuwa natoka kwenda kazini, tai shingoni. Waliingia kwa fundi, wakafunua vyungu, wakamwaga uji wa watoto uliokuwa umechachishwa, wakaunusa, wakatazama chini ya vitanda. Pombe hawakuipata. Lakini ofisa alihesabu watu. Kadi ya nyumba ilikuwa na majina sita, na ndani palikuwa na watu tisa. Dada yake na watoto wale wawili hawakuandikishwa popote, na kanuni ilikataza hivyo.

Fundi alimuuliza kwa adabu ni nani aliyewatuma. Ofisa alisema ni malalamiko ya jirani, na ili kuonyesha kwamba haongopi, akaitoa barua yangu, akaisoma mbele ya mstari mzima uliokuwa umesimama milangoni. Alipofika kwenye "sisi tunaosali saa za swala zetu," macho ya watu yaligeuka yote kwa pamoja kumtazama mjane, aliyekuwa na mwiko mkononi na mahamri yakiiva kwenye mafuta mbele yake. Yeye alitazama nyuma yake, kana kwamba aliyekuwa akitazamwa yuko huko.

Fundi na jamaa yake wakapewa notisi ya siku thelathini ya kuhama. Nilimwendea fundi, nikamshika mkono, nikasema, "Pole sana, bwana. Watu ni wabaya."

Akanishukuru.

Jioni ile ile wanawake wawili walikutana bombani. Nilikuwa uani kwangu, hatua chache tu kutoka pale, nikasikia yote. Mjane alisema hakuandika barua yoyote, kwamba yeye herufi za shule hazijui, anazijua za Kurani tu. Mke wa fundi akamjibu kwamba nje ya posta wako watu na taipu zao, wanamwandikia yeyote anayekwenda. Mjane akasema, "Mwanao wa mwisho nilimpokea kwa mikono yangu hii, mvua inanyesha, hata gari hakuna."

"Ndiyo maana inaniuma," mwenzake akasema, akabeba ndoo ikiwa nusu, akaenda zake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati ule. Mlango ulikuwa wazi, miguu ilikuwa yangu. Niliingia ndani.

Walihamia Nyamasaria, nje ya mji kwenye barabara ya Nairobi, ambako wakati ule nyumba zilikuwa chache na za udongo. Walibeba vitu vyao kwa mkokoteni. Mimi nilisaidia kufunga kamba. Niliifunga vizuri sana, nikaivuta kwa goti, na kinanda tukakiviringisha kwenye blanketi tukakiweka juu. Watu wa mstari walisema mimi ni jirani mwema. Mke wangu alilia waziwazi, na nilipomshika bega alidhani namfariji.

Basi nikapata kimya changu. Aliyehamia pale alikuwa kijana mseja wa kazi ya serikali ambaye Jumapili alilala. Nilikaa na gazeti langu na hapakuwa na sauti yoyote ila nzi na sufuria. Mke wangu alikaa chumbani akishona vitambaa vya viti. Tulikuwa na vitambaa vya viti vingi kuliko viti. Wimbo hakuimba tena, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilijua.

Mjane naye aliadhibiwa bila hukumu. Hakuna aliyemtukana. Watu waliacha tu kununua. Walipita na mkate wa dukani chini ya kwapa, wakamwamkia kwa haraka, wakaenda. Mimi nikaanza kununua mahamri yake kila siku, mengi kuliko tulivyoweza kula, nikayapeleka ofisini na kuyagawa. Nilifikiri nalipa. Yeye alidhani ni wema. Alizoea kuongeza moja juu ya hesabu, akisema, "Hili la watoto, mwanangu. Wewe peke yako ndiye hukunigeuzia uso." Nililipokea hilo la ziada karibu kila asubuhi kwa miaka, na hakuna hata mara moja lilipoteremka vizuri kooni mwangu.

Miaka ilikwenda. Nilipandishwa cheo. Nilipata kiwanja. Siku niliyopewa hati nilikwenda kusimama katikati ya kiwanja kile nikangoja furaha niliyokuwa nimejiahidi, na niliona nyasi tu, na mbuzi wa mtu mwingine akila. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba tumepata. Akasema, "Ni vizuri," akaendelea kushona.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, wakati magugu maji yalipokuwa yameanza kufunika ziwa na meli zikihangaika kuingia bandarini, ndipo mjane alipougua. Alikuwa na kisukari, na mguu mmoja ukawa na kidonda kisichopona. Binti wa ndugu yake alikuja kumsaidia kukaanga. Alasiri moja yule binti alikuja kuniita, akasema shangazi ananitaka, nije na kalamu.

Nilimkuta ameketi kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto. Aliniambia kwamba hajui Mungu amempangia siku ngapi, na hataki kwenda na neno lile. Alitaka nimwandikie mke wa fundi.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu wewe mwandiko wako ni wa mtu mkweli," alisema. "Akiuona ataamini."

Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha, karatasi juu ya goti, na alinitajia pole pole maneno aliyokuwa ameyafikiria kwa muda mrefu. Mwambie namsalimu. Mwambie namuulizia yule mtoto niliyempokea, sasa atakuwa mkubwa. Mwambie naapa kwa Mola wangu kwamba sikuandika, wala sikumtuma mtu kuandika. Mwambie kama kuna jambo jingine nililomkosea, lile la Ramadhani au lolote, anisamehe, lakini hilo la barua silo langu, asinizike nalo. Akaniuliza kama nimeandika yote. Nilikuwa nimeandika yote. Sikuinua uso kutoka kwenye karatasi, akaniona, akasema nisihuzunike, sote tutapita njia hiyo.

Sikusema. Niliikunja barua, nikaitia mfukoni, nikaenda nyumbani. Ningependa kuandika hapa kwamba asubuhi yake nilikwenda Nyamasaria. Nilikaa nayo siku kumi na moja. Kila siku niliihamisha kutoka shati hadi shati. Binti yule akinikuta njiani aliniuliza kama kuna majibu, nami nikamwambia bado.

Siku ya kumi na moja nilipita mlangoni kwa mjane nikaona wamefunga jiko, na binti akaniambia shangazi amelala tangu jana hataki chakula. Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili yake tu. Niliogopa kwamba akifa nitapata nafuu tena, ile nafuu ya jiwe lisilosikika, na nikajua kwamba nikiipata nafuu hiyo mara ya pili nitakuwa mtu wa namna hiyo hadi kaburini. Ilikuwa Jumamosi. Nilichukua baiskeli nikaenda.

Fundi alikuwa na kibanda chake kando ya barabara, chini ya mabati mawili, akinyoosha rimu iliyopinda. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Mkewe alikuwa pembeni na mafungu ya mboga za sukuma na nyanya juu ya gunia. Walifurahi kuniona. Mkewe alinipangusia benchi kwa leso yake, akaulizia mke wangu na watoto. Sikukaa. Nilimpa barua. Aliisoma kwa kusogeza kidole, na alipofika mwisho uso wake ulikuwa umekaza.

"Anaapa," alisema. "Hata sasa anaapa."

"Anaapa ukweli," nikasema. "Aliyeandika ni mimi."

Hawakuelewa mara moja. Ilibidi niseme tena, na nieleze: taipu ya ofisini, saa ya chakula, pombe ambayo haikuwepo, na lile neno la swala nililiweka kwa kusudi gani. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikiitazama ile rimu, na magari yakipita nyuma yangu. Nilipomaliza mke wa fundi alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu fulani. Kisha akasimama, akafunika nyanya zake kwa gunia, akanawa mikono na kubadilisha leso. Nilimwambia kwamba ninaweza kumbeba kwa baiskeli hadi mjini.

"Usinifuate," alisema. Akavuka barabara kwenda kungoja gari.

Nilibaki na mumewe. Alikuwa ameirudia spana yake ya kukazia spoki. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Kwani kwako ulikosa nini?"

Nilimwambia ukweli, na ulikuwa mdogo na wa aibu kuliko kosa lenyewe. Nilimwambia kwamba mke wangu alikuwa akicheka kwake.

"Mimi nilikuita kila Jumapili," alisema. "Ungekuja tu. Angecheka ukiwa hapo."

Hilo ndilo somo la maisha yangu, na nilipewa na mtu aliyekuwa na grisi mpaka viwikoni, ambaye hakukusudia kunifundisha chochote. Nilikuwa nimefikiri kwamba furaha ya nyumba ile ilikatwa kutoka katika fungu langu, na kwamba wakiacha kucheka wao, kicheko kitarudi kwangu. Kumbe kilikuwa hakina fungu. Kilikuwa pale nje, hatua sita kutoka mlangoni pangu, na kilichotakiwa ni mimi kusimama kutoka kwenye kiti.

Nilimuuliza habari za dada yake. Aliniambia kwamba nyumba ya Nyamasaria ilikuwa chumba kimoja wakati ule, kwa hiyo dada alirudi kwa wakwe zake upande wa Kendu Bay. Msichana wake alikuwa darasa la saba. Huko hakuendelea na masomo, akaolewa akiwa mdogo. Fundi hakulisema hili kwa kunilaumu. Nilikuwa nimeuliza, akanijibu. Mimi nilikuwa hata sijawahi kumfikiria yule msichana. Katika miaka yote ile ya kuhesabu dhambi yangu, yeye sikumhesabu.

Niliporudi Kaloleni sikuenda kwa mjane kwanza. Nilikwenda nyumbani, nikamwambia mke wangu. Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, sinia mikononi, akasema kitu kimoja tu: "Siku ile nilirudi na ile furaha kukuletea wewe." Kisha akatia nguo zake kwenye kikapu, akaenda kwa mama yake Katito, akakaa huko miezi miwili. Sikumfuata. Nilipika mwenyewe, vibaya, na watoto wangu ambao walikuwa wameshakuwa wakubwa walikula bila kuniuliza. Aliporudi hakusema kwa nini amerudi. Aliuliza kama kuna makaa.

Kwa mjane nilikwenda jioni ile ile ya Jumamosi. Mke wa fundi alikuwa bado yuko, ameketi kitandani karibu naye, na mguu wenye kidonda ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa anauosha kwa maji ya chumvi. Walikuwa wamelia na kumaliza. Nilipoingia mjane aliniambia nikae. Alitaka kulisikia kwa mdomo wangu, nami nikalisema mara ya tatu siku ile, na mara ya tatu haikuwa nyepesi.

Mjane akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, maana nami nakwenda kwake na mizigo yangu. Lakini mahamri yangu usile tena."

Alipata nafuu, akaishi miaka mitatu zaidi, na neno lake alilishika. Jiko liliwashwa tena, na watu wa mstari, waliposikia, walirudi kununua kwa wingi na kwa aibu. Mimi nilipita pale kila asubuhi nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akaniulizia hali ya nyumbani, na mkono wake haukwenda kwenye sinia. Mke wangu na wanangu aliwauzia. Mwanzoni niliona ni adhabu. Baadaye nikaona kwamba ndicho kitu cha haki kuliko vyote nilivyowahi kutendewa, na nilianza kupumzika ndani yake. Kwa miaka kumi nilikuwa nimelishwa kwa jina lisilo langu. Sasa nilikuwa nikipita pale na njaa yangu mwenyewe.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Fundi na mimi hatukuwa marafiki. Nilikwenda Nyamasaria mara kwa mara siku za Jumapili, mke wangu akiwa nami, na alinikaribisha kama mtu anavyomkaribisha mgeni wa kanisa. Alipiga kinanda kidogo, vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa. Nilijifunza kukaa tu. Ni kazi ngumu kwa mtu aliyeianza akiwa na miaka arobaini na kitu. Mikono inatafuta gazeti. Mke wangu alicheka tena, si kile kicheko cha zamani, bali kingine kifupi zaidi, na mimi nilikuwapo. Nilijifunza pia kumwambia mtu neno zuri siku ile ile ninapolifikiri, na nikiona kile kitu cheusi kinaingia kifuani, kukiita kwa jina lake, wivu, badala ya kukivalisha tai. Bado kinakuja. Uzee haukifukuzi. Unachokipata ukizeeka ni kukitambua kikiwa bado mlangoni.

Msichana yule wa darasa la saba nilimtafuta. Nilimkuta ana watoto watatu, anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na hakunikumbuka. Nilimwambia mimi ni nani. Alisikiliza kwa upole, akasema hayo ni mambo ya zamani, akaniuliza kama ninanunua. Nilinunua.

Mjane alifariki siku moja alfajiri na akazikwa kabla ya alasiri, kama ilivyo kwao. Mke wa fundi alikuwa ndani na wanawake waliomwosha. Mimi nilifuata na wanaume hadi makaburini, nikapewa zamu ya kulibeba jeneza, bega langu chini yake kwa hatua kama thelathini. Mwanawe wa pekee alikuwa ametoka Mombasa kwa basi la usiku. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na sikuwa nimewahi kumwona ila mara mbili. Baada ya kufukia na dua alisimama kuwashukuru majirani. Akanitafuta kwa macho, akanishika mkono mbele ya wote, akasema kwamba mama yake alimwambia kwenye simu, miaka ile, kwamba wakati mstari mzima ulipomtenga palikuwa na jirani mmoja tu aliyekuwa akinunua kwake kila siku, na kwamba yeye kama mwana hatausahau wema huo.

Mama hakuwa amemwambia yaliyofuata. Sijui kama alinyamaza ili kunisitiri, au aliona ni mambo ya kwao Kaloleni yasiyomhusu mtu wa mbali. Watu waliokuwa wakijua walikuwa wamesimama pale pale, wakinitazama. Yule mwana alikuwa na udongo wa kaburi la mama yake bado mikononi, umeingia katikati ya vidole vyetu sote wawili. Nilifungua mdomo. Kisha nikasema, "Mungu amrehemu," nikaufunga. Aliondoka kesho yake kabla sijaamka, na mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa kumhurumia au kwa ile ile hofu ya zamani.